Nauli ya Kuvuka

Kabla ya jina palikuwa na tope,
na juu ya tope, sauti:
mtu wa ng'ambo, viganja mdomoni,
akiita, Mashua-a-a!
Na Gaxuxa, mjane wa mhunzi,
akiacha dengu motoni, akishuka na kasia begani.

Nauli, yai moja.
Mwenye nguruwe, mayai mawili.
Padri bure, ila anyamaze mpaka gati la pili;
Gaxuxa alisema mto haupendi kuhubiriwa.
Hivyo ndivyo mtaa wa Ontzibide ulivyoanza:
kwa mwanamke mwenye mayai tele
na asiye na kuku hata mmoja.

Kisha mlima ukatema chuma,
na wanawake wakafungwa kamba vifuani,
wakayavuta matishari kutoka mdomo wa mto,
ukingoni, hatua kwa hatua,
wameinama kama wanaotafuta sindano.
Bibi wa mama yangu, Prudentzi, alikuwa wa tatu kwenye kamba.
Mpaka anakufa bega lake la kushoto lilikuwa chini ya la kulia,
na fundi cherehani hakuuliza, alikata tu.
Jiwe la gati lina mfereji, kina cha kidole.
Kamba ililichimba. Kamba, na wao.

Sitasema mengi juu ya kiwanda cha meli.
Kila mtu hapa ana baba aliyekufa kwa kikohozi.
Wangu, Txerran, alichomelea vyuma miaka thelathini na mmoja
na aliniambia jambo moja tu la maana:
meli huzaliwa matako kwanza.
Kila iliposhuka majini vikombe viligongana kabatini
na mama akasema, "Tumepata mwingine."
Maji yalikuwa mekundu Jumatatu, ya kijivu Alhamisi.
Samaki hatukumjua ila wa kopo.

Halafu usiku ule wa Agosti mto ukavuka wenyewe,
bila kuita, bila nauli,
ukapanda ngazi hadi ghorofa ya pili,
ukaketi mezani petu.
Ulipoondoka mama alipiga mstari wa penseli ukutani,
akaandika tarehe,
kama mtu anayepima urefu wa mtoto.

Kiwanda kilifungwa Ijumaa.
King'ora kililia mara ya mwisho.
Mbwa wa kina Olazar aliendelea kukiitikia,
saa moja kasorobo asubuhi, wiki mbili,
mpaka akakubali.

Wakaja wenye kofia ngumu zisizo na mkwaruzo.
Katika ukumbi wa parokia walifunua mtaa wa karatasi:
miti ya sponji, mto wa kioo.
Mama alilitafuta jiko lake kwa kidole.
Pale pake palisimama mwanamke wa plastiki,
mrefu kama punje ya mchele.
"Huyu ni nani?"
"Mkazi tu, mama. Wa mfano."
"Mbona hana kapu la sokoni?"
Aliyejibu alikuwa Nahikari, msanifu, msichana mpole;
nasikia hata yeye hakumudu kununua humo.

Sisi tulipewa ghorofa ya tisa kule mlimani.
Mstari wa penseli ulibaki ukutani
mpaka ukuta wenyewe ulipokoma kuwa ukuta.

Leo nimeshuka kwa tramu.
Daraja jeupe, jembamba kama mwiba wa samaki.
Jiwe la gati wameliacha, wameliwekea taa;
watoto hupitisha magurudumu ya skuta mferejini.
Mkahawa unaitwa Mashua.
Yai moja, juu yake jani: yuro tisa.

Nilikuwa na langu, nimelichemsha nyumbani,
nimelifunga kwenye leso.
Nikavuka.
Dakika moja na nusu, bila tone hata moja kiatuni.
Ng'ambo nikasimama, yai bado lina joto mfukoni,
nikitazama kulia, kushoto,
nisijue nimpe nani.